Gari linavuta kushoto tangu nibadilishe pedi na tairi, na alaimenti nimefanya mara mbili. Nisaidieni kabla sijanunua raki ya usukani

UaLaRoysambu – Jumamosi, saa 3:20 usiku

Wadau, hamjambo. Nina Toyota Fielder ya 2010, ile ya injini ya 1500. Nimekaa nayo miaka mitatu bila kelele. Jumatano niliipeleka mahali nikabadilishiwa pedi za breki za mbele, na kwa kuwa tairi za mbele zilishaota kipara, nikanunua mbili mpya papo hapo. Kazi ikaisha haraka, nikalipa, nikaondoka nikijisifu kwamba mwezi huu nimelitendea gari haki.

Sijafika Allsops nikajua kuna jambo. Nikilegeza mikono, gari linaelekea kushoto polepole, kama matatu iliyoona abiria. Nikikanyaga breki kwa nguvu, linaruka upande wa pili, kulia. Tena nikifika 80 usukani unaanza kutetemeka, nikipita 95 hivi unatulia.

Nikarudi. Wakasema alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa tairi, shilingi 1,500. Mvuto ukabaki palepale, ila sasa usukani wenyewe umekaa mshazari: gari likienda sawa, nembo imeinamia kulia. Nikaenda kwingine, alaimenti tena, 1,200. Bado. Leo wale wa kwanza wameniambia raki imekufa pamoja na shokabzoba mbili za mbele, 46,000 na kazi. Sasa raki iliyokuwa nzima Jumanne imekufaje Jumatano ikiwa imeegeshwa kwao?

Sitawataja, sitafuti vita. Nataka gari langu lirudi lilivyokuwa.

Probox_Haifi – saa 3:31 usiku

Bro hiyo ni tairi, usisumbuke. Yalinipata mwaka juzi. Tairi inaweza kuwa mpya kabisa na bado nyuzi zake za ndani zimekaa upande, basi inabingirika kama koni, inakuvuta. Badilisha mbili za mbele, ya kushoto iende kulia. Mvuto ukihama, umempata mwizi.

UaLaRoysambu – saa 3:34 usiku

Asante. Ila ni dada, si bro.

Probox_Haifi – saa 3:35 usiku

Samahani dada. Bado ni tairi.

KijanaWaNgara – saa 3:50 usiku

46,000?? Haki hiyo raki imetengenezwa na dhahabu. Shuka Grogan kwenye maduka ya spea utapata iliyotoka Japani kwa pesa kidogo sana, fundi akufungie.

BabuWaLandrover – saa 4:15 usiku

Binti yangu, usikimbilie Grogan. Kwanza uliza barabara. Barabara zetu zimeinamishwa kando ili maji ya mvua yaondoke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa litaelekea kushoto kidogo ukiliachia. Tafuta mahali tambarare, uwanja wa kanisa siku ya kazi, au njia inayoinamia kulia. Likivuta kushoto hata hapo, ndipo useme linavuta.

Jambo la pili hukuuliza lakini nitalisema. Tairi mpya mbili zinafungwa nyuma.

Probox_Haifi – saa 4:22 usiku

Mzee wangu kwa heshima, gari linasukumwa na mbele, breki kubwa ziko mbele, usukani uko mbele. Mpya ziende nyuma zikafanye nini?

BabuWaLandrover – saa 4:40 usiku

Zikuzuie usigeuke. Mvua ikinyesha, tairi za mbele zikiteleza unasikia usukani umekuwa mwepesi, unapunguza mwendo, mambo yanaisha. Za nyuma zikiteleza unajikuta unatazama ulikotoka. Nimeyaona kwenye mteremko wa Limuru, sikusimuliwa. Hata watengenezaji wa tairi wanashauri hivyo.

GrisiNyeusi – Jumapili, saa 12:50 asubuhi

Dada, mimi ni fundi, kazi hii nimeifanya miaka mingi na mikono yangu haitakati hata kwa sabuni ya unga. Usitoe hata shilingi kwanza.

Una kesi tatu hapo, zisichanganywe. Kuvuta ukiwa unatembea ni moja. Kuruka ukikanyaga breki ni ya pili. Kutetemeka kwenye 80 ni ya tatu. Huenda zote zina baba mmoja, huenda kila moja ina wake.

Ya tatu naimaliza haraka. Unatetemeka bila kugusa breki, na ukizidisha mwendo kunatulia: hiyo ni balansi, yaani uzito wa tairi haujasawazishwa, au rimu haikulala vizuri kwenye habu, kile kitovu inapofungwa, kwa sababu ya kutu. Kama ungetetemeka ukikanyaga breki tu, ningesema tazama diski. Hii ni kesi ya mia chache.

Zinazonikuna kichwa ni hizo mbili za kwanza zikiwa pamoja. Kushoto ukitembea, kulia ukikanyaga. Raki haina tabia hiyo. Shokabzoba haina. Tairi mbovu inakuvuta upande wake mmoja, haibadilishi mawazo ukishika breki. Alaimenti ndiyo kabisa: pale kwa mashine wanachokigusa kwenye gari lako ni tairodi, vile vyuma vinavyopanga tairi zinavyotazamana kwa mbele. Fundi akizungusha tairodi ya upande mmoja kujaribu kuondoa mvuto, ukiingia barabarani tairi mbili zinagawana ile tofauti, gari linaenda vilevile, na kinachopinda ni usukani. Ndiyo maana nembo yako imeinama. Hawakutibu, wamekuongezea kesi ya nne.

Sasa sikiliza breki yako inavyofanya kazi. Kalipa ya Fielder, yaani kibano cha breki, ina pistoni upande wa ndani peke yake. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini zikikwama, pedi ya nje haibani inavyopaswa. Upande huo unakuwa dhaifu, na ukikanyaga, gari linakimbilia upande wenye nguvu. Ukiachia mguu, kalipa hairudi, pedi inaendelea kusugua diski, na gari linavutwa polepole kwenye upande wenye ugonjwa. Umeona? Dhaifu kushoto, unaruka kulia. Inasugua kushoto, unavutwa kushoto.

Dau langu ni pini za kushoto. Lakini dau si uchunguzi, na fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo hajui kilichopona ni kipi. Fanya hivi, kimoja kwa siku ikibidi.

Asubuhi kabla gari halijatembea, pima upepo wa tairi zote nne kwa geji yako, si ya petroli stesheni. Kipimo kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Weka sawa, endesha, sikiliza. Kisha fanya alivyosema Probox, badilisha za mbele kushoto kwa kulia, ila kwanza tazama ubavuni kama kuna mshale wa mzunguko. Ukiwepo, usibadilishe. Mwisho, endesha kilomita kumi ukigusa breki kwa nadra, acha gari lisimame lenyewe, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Utajua.

MtuWaKizingo – saa 2:10 asubuhi

Mwanangu GrisiNyeusi kasema kweli kuhusu geji. Nami niongeze la watu wa safari: mkiteremka kutoka huko kwenu juu hadi kwetu Mombasa, geji yenyewe inabadilika. Nairobi mko karibu mita 1,800, hewa ya nje ni nyepesi. Huku chini hewa inalisukuma tairi zaidi, kwa hiyo tairi ileile, joto lilelile, geji itasoma karibu psi 3 pungufu. Joto letu linairudishia sehemu. Msije mkalaumu vali bure.

KijanaWaNgara – saa 2:25 asubuhi

Kumbe ndiyo maana nilijaza Mtito, nikajaza tena Mariakani.

UaLaRoysambu – saa 4:05 asubuhi

Nimeanza. Nimenunua geji ya 600 kwa jirani mwenye duka la spea. Kibandiko kinasema 230 kPa, ambazo ni kama psi 33. Mbele kulia: 35. Mbele kushoto: 27. Nyuma zote 31.

27 jamani. Tairi mpya ya siku nne.

Nimeweka 33 kote, nikaenda hadi Kahawa Sukari na kurudi. Mvuto umepungua, labda kwa theluthi. Haujaisha. Kuruka kulia nikikanyaga kuko palepale.

Halafu nikiwa nimeinama kwenye tairi, askari wetu wa geti akaniuliza hizi namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi ni za nini. Nikasoma. Ya kulia: 3123. Ya kushoto: 0819.

Probox_Haifi – saa 4:11 asubuhi

Wueh. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya kulia wiki ya 31 ya 2023. Ya kushoto wiki ya 8 ya 2019. Umeuziwa "jozi mpya" na moja imemaliza chekechea.

Nilisema ni tairi.

GrisiNyeusi – saa 4:30 asubuhi

Hiyo warudishie wakubadilishie, usikubali maneno. Lakini umri peke yake hauvuti gari. Endelea na jaribio, dada.

TangaMpakaNamanga – saa 6:15 mchana

Wakuu, napita tu, niko foleni ya mpakani. Dada, pole. Kwa faida ya wengine: mkibadilishiwa pedi, kabla hamjatoka getini kanyageni breki mara nne tano gari likiwa limesimama. Pistoni huwa imerudishwa nyuma kabisa ili pedi mpya ziingie. Mimi niliwahi kukabidhiwa kigari cha ofisi, nikarudi rivasi, pedali ikazama hadi sakafuni. Ukuta ndio uliniambia breki haipo.

UaLaRoysambu – saa 11:40 jioni

Jaribio la pili. Mshale hakuna, kwa hiyo niliamua kubadilisha mwenyewe hapa kwenye maegesho. Sikufika mbali. Nati hazikufunguka. Nilisimama juu ya wili spana na kilo zangu 68, nikaruka kidogo, ndipo ya kwanza ikalia kaaa. Askari akamalizia nyingine kwa bomba la chuma, watoto wa jengo zima wakitutazama kana kwamba tunachimba kisima.

Tumebadilisha. Nimeenda Kahawa Sukari tena, na njiani nikaingia uwanja mmoja tambarare kama alivyosema mzee.

Bado linavuta KUSHOTO.

Probox_Haifi – saa 11:44 jioni

Nimenyoosha mikono.

GrisiNyeusi – saa 12:20 jioni

Hapo sasa. Mvuto haukuhama na tairi, basi si tairi. Na hilo jibu umelipata bure.

Kuhusu nati: Toyota ndogo kama yako zinakazwa kwa 103 Nm. Kwa wili spana ya sentimita 30 ni kama kuweka uzito wa kilo 35 kwenye ncha yake. Wewe umesimama na 68 na bado zikakataa, kwa hiyo zilikazwa karibu maradufu, au zaidi. Ni mashine ya upepo hiyo, fundi anaibonyeza mpaka isikike imechoka. Siku ukipata pancha usiku Southern Bypass, spana ya kwenye buti haitakusaidia. Na ukazaji wa namna hiyo, usiolingana nati kwa nati, unaipotosha diski taratibu, miezi ijayo unaanza kutetemeka ukikanyaga breki.

Fanya jaribio la joto.

BabuWaLandrover – saa 12:35 jioni

Na binti, unapoinua gari kwa jeki, weka tairi la akiba chini ya bodi pembeni. Jeki haina huruma.

UaLaRoysambu – saa 2:50 usiku

Nimefanya. Nimetoka Kasarani hadi Ruiru kwenye njia ya kushoto, mwendo wa mwanafunzi, nikitumia gia badala ya breki, watu wakinipigia honi. Nikasimama kwa kuliachia gari lenyewe.

Kulia, mkono karibu na rimu: vuguvugu. Kushoto: kama kuinamia jiko la makaa. Harufu pia, ile ya kuungua. Nilikuwa na chupa ya maji, nikarusha matone mawili tu kupitia tundu za rimu. Kulia hayakusema kitu. Kushoto: tssss.

GrisiNyeusi, wewe ni mganga.

GrisiNyeusi – saa 3:05 usiku

Si uganga, ni pini. Au mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Ukizeeka unaweza kuchanika kwa ndani ukawa mlango wa kwenda tu, mafuta yanaingia hayarudi. Kuna namna ya kuwatenganisha: ukiwa na fundi, ainue tairi la kushoto juu ya stendi, ukanyage breki uachie, ajaribu kulizungusha. Likiwa zito, afungue kidogo nipeli ya kalipa, ile skrubu ya kutolea mafuta. Likilegea baada ya mafuta kutoka, ni mpira au mafuta yanayobanwa huko nyuma. Likibaki zito, ni kalipa yenyewe, pini au pistoni.

Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi, maji haraka. Yanakula rangi.

Na usiendeshe hilo gari kwenda kazini kesho.

UaLaRoysambu – Jumanne, saa 1:15 usiku

Nimechelewa kurudi, samahani. Jana nilipanda matatu. Leo nimemwita fundi wa mtaa aje nyumbani, kijana mtaratibu, nikamsomea maagizo ya GrisiNyeusi kwenye simu. Akacheka, akasema huyo anajua.

Tairi la kushoto lilikuwa zito, la kulia linazunguka. Akafungua nipeli, mafuta yakatoka kidogo, tairi bado zito. Kwa hiyo si mpira.

Akatoa kalipa. Pini ya juu ilitoka kwa vidole viwili. Ya chini ilikataa. Aliipinda huku na huku, akaigonga kwa mpini wa nyundo, mwishowe ikatoka na sauti kama kizibo cha soda. Ile pini ina kipira mwishoni. Kipira kilikuwa kimevimba kama mahindi ya githeri yaliyolala kwenye maji, na kote kumepakwa grisi ya manjano, ile ya bearingi. Akanionyesha pini ya upande wa kulia: haijapakwa kitu, grisi ya zamani nyembamba bado ipo. Yaani waliamua kupaka upande mmoja tu.

Na pedi za kushoto, za siku sita: ya ndani imeng'aa na imelika, ya nje karibu kama ilivyotoka kwenye boksi.

GrisiNyeusi – saa 1:40 usiku

Huyo ndiye. Grisi ya bearingi ina mafuta yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, na kipira cha breki hakivumilii mafuta hayo, kinavimba mpaka kinakaba tundu lote. Pini zinapakwa grisi ya silikoni au iliyoandikwa ni ya pini za kalipa, kidogo tu. Aliyekupakia alikuwa na nia njema, inawezekana. Alichokosa ni kichupa sahihi.

Nunua pini na vipira vipya, asafishe tundu mpaka grisi ya zamani iishe kabisa. Pedi badilisha jozi zote, usichanganye ya ndani iliyolika na nyingine.

KijanaWaNgara – saa 1:52 usiku

Na raki?

GrisiNyeusi – saa 1:53 usiku

Raki imelala usingizi wake, msiiamshe.

UaLaRoysambu – Jumapili, saa 10:30 jioni

Ripoti ya mwisho.

Pini, vipira na grisi ya silikoni nimepata Kirinyaga Road, 1,850 vyote. Pedi 2,800. Fundi 1,500. Gari linakwenda sawa. Barabara ikiinama linainama nalo kidogo, mzee alikuwa sahihi. Nikikanyaga breki kwa nguvu linasimama pale nilipolielekeza.

Kutetemeka kulikuwa balansi kweli. Kile kirisasi cha kubandika kwenye rimu kusawazisha uzito kilikuwa kimeng'oka, alama ya gundi imebaki juu ya vumbi; walibandika bila kufuta rimu. 300.

Usukani nimeunyoosha kwa alaimenti ya tatu, na safari hii nilikataa kulipa kabla sijaona karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Vya kabla: tairodi mbili hazilingani hata kidogo, moja imezungushwa sana. Kama alivyosema fundi.

Tairi ya 2019 niliwarudishia. Walianza na maneno, nikafungua simu nikawasomea namba. Wamenipa nyingine, ya mwaka jana. Pesa ya alaimenti wamekataa, nami nimechoka. Mpya mbili ziko nyuma sasa, Probox usiseme kitu.

Probox_Haifi – saa 10:41 jioni

Sijasema.

BabuWaLandrover – saa 11:00 jioni

Vizuri sana binti yangu. Tairi mpya huwa na utelezi kilomita za mwanzo, usizikimbize mvuani mpaka ngozi yake ya juu ilike.

GrisiNyeusi – saa 11:25 jioni

Hongera dada. Swali moja: nati umezikaza tena? Rimu ikitolewa na kurudishwa, kila kitu kinakaa upya. Ukifikisha kilomita 80 mpaka 100 zirudie zote, kwa mkono, tairi likiwa chini.

UaLaRoysambu – saa 11:58 jioni

Nimetoka nje sasa hivi na wili spana. Kumi na tisa hazikusogea. Moja, nyuma kulia, imezunguka robo.